Mazingaombwe na Waya Uliofichwa

Nilipokuwa shule ya msingi alikuja mtu wa mazingaombwe. Tulilipa kiingilio, tukajazana darasani mpaka madirishani. Akageuza karatasi kuwa noti, akatoa utepe mdomoni, kisha akaondoka na hela zetu na siri yake. Usiku ule niliogopa hata kwenda msalani peke yangu.

Kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia, ambaye maabara yake ilikuwa makabati matupu, alijaza glasi maji pomoni, akaifunika kwa karatasi ngumu, akaipindua juu ya kichwa cha mwenzetu. Wee! Tulipiga kelele, lakini maji hayakumwagika. Kisha akatugawia siri: hewa huisukuma karatasi kutoka chini kwa nguvu inayoshinda uzito wa maji yale. Tukajaribu wenyewe, tukalowa chapachapa.

Ndugu msomaji, historia nayo inazo njia hizo mbili.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, koloni lake, bingwa wa mazingaombwe Jean-Eugène Robert-Houdin, ili awapunguzie heshima viongozi wa dini walioaminiwa kuwa na miujiza. Alimpa mtu wa miraba minne kisanduku akinyanyue. Akakinyanyua kama unyoya. Kisha akamtangazia kuwa amemnyang'anya nguvu. Jamaa akavuta mpaka jasho likamtoka, kisanduku hakikutikisika. Mwishowe mpini ukampiga shoti, akatimua mbio. Kumbe chini yake ilifichwa sumaku ya umeme: chuma kilichozungushiwa waya, ambacho huwa sumaku umeme ukipita na huachia umeme ukikatwa. Ilikuwa fizikia tupu, bwana, lakini pale jukwaani waya haukuonyeshwa. Shabaha ilikuwa kuwatisha watu.

London, wakati huohuo, alikuwepo Michael Faraday. Huyu hakusoma sana shuleni. Akiwa na miaka 14 aliingia kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyovijalidi. Ndiye aliyegundua, mwaka 1831, jinsi sumaku inavyoweza kuzaa umeme. Katika taasisi ya Royal Institution, ambako mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilianza mwaka 1825, alizima mshumaa, akasogeza moto kwenye moshi wake tu, na utambi ukawaka tena bila kuguswa. Mazingaombwe kabisa! Lakini hapohapo akaeleza: kinachowaka ni mvuke wa nta. Mtoto aliweza kwenda kurudia nyumbani.

Basi tofauti haiko kwenye ufundi, kwani wote wawili walikuwa mafundi. Tofauti ni nani anaondoka na siri.

Mimi sikuwa mhandisi. Niliishia kidato cha nne, na riwaya yangu haijaisha. Lakini juzi mpwa wangu alinikuta na glasi ya maji, nikampindulia. Akatoa macho, akauliza, "Mjomba, ni uchawi?" Nikamkabidhi glasi na karatasi.

"Haya, sasa wewe."