Aliye Karibu na Uwanja Ndiye Asiyeona Mechi

Kila msimu wa NBA unapoanza, shabiki wa Chicago Bulls anayeishi Chicago ana swali moja: mwaka huu tutawaonea wapi? Ukiwa Nairobi jibu ni rahisi. Unalipia League Pass, huduma ya mtandaoni ya ligi yenyewe, unaweka alamu ya saa kumi alfajiri, na mechi iko kwenye simu yako. Bando likikatika hiyo ni shida nyingine. Lakini ukiwa Chicago, hatua chache kutoka uwanja wa United Center, huduma hiyo hiyo inakufungia mechi hiyo hiyo. Utafunguliwa baada ya siku tatu, wakati matokeo yameshajadiliwa mpaka kwa kinyozi.

Watu hudhani hiyo ni hitilafu ya mitambo. Hapana. Ni mpango uliojengwa kwa zaidi ya miaka 40, na Bulls ndio mfano mzuri zaidi ninaoujua wa jinsi ulivyojengwa.

Klabu ilianzishwa 1966. Miaka ya mwanzo, mechi iliyoonyeshwa kwenye runinga ilihitaji antena tu. Mwaka 1982 ikaja SportsVision, ya Eddie Einhorn, mshirika wa Jerry Reinsdorf katika umiliki wa timu ya besiboli ya White Sox. Mawimbi yake yalivurugwa makusudi, na ili uone mechi za Bulls na timu nyingine za mji ulihitaji king'amuzi na malipo ya kila mwezi. Sisi tunaokumbuka Februari 2015, chaneli kubwa za binafsi zilipotoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili wakati wa kuhamia dijitali, tunaijua hadithi ya king'amuzi. SportsVision haikupata wateja iliowatarajia. Lakini wazo halikufa. Lilihamia kwenye kebo na kusubiri.

Halafu akaja Michael Jordan, 1984. Mwaka uliofuata Reinsdorf akachukua usimamizi wa Bulls. Ghafla kila mtu alitaka kuiona timu ambayo jana viti vyake vilikuwa vitupu.

Hapa ndipo stori inanoga. Chicago kulikuwa na stesheni ya WGN, mali ya kampuni ya gazeti la Tribune. Tangu 1978 mawimbi yake yalikuwa yakirushwa kwa setilaiti hadi kwenye mifumo ya kebo kote Marekani. Mwaka 1989 Bulls wakaipa WGN mechi 25 kwa msimu. Maana yake, mtoto wa mji usio na timu yoyote angeweza kukua akiwa shabiki wa Bulls bila kukanyaga Chicago. Nadhani hapo ndipo Bulls walianza safari ya kuwa timu ya dunia, ile ambayo kofia zake nyekundu utazikuta Gikomba kwenye marobota ya mitumba.

Ligi haikufurahi. Mwaka 1990 NBA ilipunguza mechi ambazo klabu ingeweza kuuza kwa stesheni za aina hiyo kutoka 25 hadi 20. Hoja yake ilikuwa kwamba mechi za Bulls zinaingia kwenye masoko ya klabu nyingine na kupunguza thamani ya mikataba ya kitaifa. Bulls na WGN wakaishtaki ligi kwa sheria ya kulinda ushindani. Fikiria: klabu inayobeba ubingwa inaburuzana mahakamani na ligi yake. Mwaka 1991 Jaji Hubert Will aliwapa Bulls ushindi, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Kesi ikarudi tena, ikazunguka, mpaka 1996 mahakama ya rufaa ilipobadilisha mwelekeo na kusema kwamba katika jambo kama hili ligi inaweza kutazamwa kama kampuni moja. Pande zote zikaishia kupatana.

Tusiwape Bulls sifa wasizostahili. Hawakupigania haki ya mtu wa kawaida kuona mechi. Walipigania pesa za matangazo. Ila kwa muda mfupi maslahi yao na ya mtazamaji yalilingana: kadiri watu wengi walivyoona, ndivyo klabu ilivyopata. Tarehe 14 Juni 1998, Jordan alipotwaa ubingwa wa sita dhidi ya Utah Jazz, watu milioni 35.9 Marekani walitazama kupitia NBC, chaneli ya antena. Hakuna mechi ya NBA iliyowahi kufikia idadi hiyo tena.

Baadaye hesabu ikageuka. Oktoba 2004 Bulls na majirani zao wa Chicago waliungana na kampuni ya kebo ya Comcast kuanzisha chaneli yao. Siri ya biashara hiyo ilikuwa kifurushi cha kawaida. Kila nyumba yenye kebo ililipia chaneli ya michezo ndani ya bili ya mwezi, hata ya bibi ambaye hajui kikapu kinafungwa vipi. Klabu hazikuhitaji tena kupendwa na wengi. Zilihitaji wengi walipe. Na ili walipe, lazima mechi isipatikane kwingine. Ndiyo maana League Pass inamfungia mtu wa Chicago: chaneli ya mji imenunua haki ya kuwa mlango pekee.

Mpango huo ulisimama mpaka watu walipoanza kukata kebo na kuhamia mtandaoni. Bibi alipoondoka, aliondoka na mchango wake. Septemba 2024 chaneli ya zamani ilifungwa, na tarehe 1 Oktoba ikazaliwa Chicago Sports Network, CHSN. Klabu zilitaka Comcast iiweke kwenye kifurushi cha kawaida. Comcast ikataka kifurushi cha bei ya juu, alipe anayetaka. Kila upande ulikuwa na hesabu yake, na walipatana Juni 2025. Msimu wa Bulls ulikuwa umekwisha tangu Aprili. Mteja wa Comcast, kampuni kubwa ya kebo mjini humo, alikosa matangazo ya chaneli hiyo msimu mzima, huku bili yake ikija kama kawaida. Kilichowaokoa baadhi yao ni kwamba CHSN ilianza pia kurushwa bure hewani. Watu wakarudi madukani kununua antena, kifaa cha babu zao.

Kwa hiyo ukiulizwa leo Bulls wanaonekana wapi, jibu linategemea umesimama wapi. Ukiwa Chicago, tafuta CHSN, kwa kebo au kwa programu yake. Mechi chache za kitaifa, kuanzia msimu wa 2025-26, ziko ESPN na ABC, NBC na Peacock, na Amazon Prime Video. Ukiwa mji mwingine wa Marekani mbali na Chicago, League Pass inafanya kazi mpaka Bulls wacheze na timu ya huko uliko. Ukiwa Kenya, League Pass tu inatosha. Wapo watu wa Chicago wanaotumia VPN ili kompyuta iamini kwamba wako huku kwetu.

Ni rahisi kulicheka hilo, lakini mimi sioni kama ni upendeleo wetu. Mlango wetu uko wazi kwa sababu hakuna aliyelipa ufungwe. Hapa hakuna chaneli iliyonunua macho yetu kwa Bulls, basi hakuna wa kulindwa dhidi yetu.

Mwaka 2025 Nairobi City Thunder walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya Afrika ambayo NBA inashiriki kuiendesha. Tukianza kuwapenda Thunder kama Chicago inavyowapenda Bulls, atatokea mtu wa kuuza upendo huo, na mteja wake wa kwanza atakuwa yule anayekaa karibu na uwanja. Wakati wa kuuliza mechi hizo zitaonekana wapi, na kwa bei gani, ni kabla mkataba haujatiwa saini.