Mapenzi ya Wapweke Ufukweni: Kisakale cha Nyamgondho, Sori na Filamu Huru ya Kenya

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya kisa cha aina moja: mapenzi yenye misukosuko baina ya watu wawili wapweke, kila mmoja na dosari zake, ambao hawawezi kukaa pamoja kwa amani wala kuachana bila majuto. Katika uhakiki wa filamu za Afrika Mashariki, kisa hiki huelekea kuhesabiwa kuwa mgeni. Hudaiwa kwamba kimeletwa na filamu huru, yaani filamu inayotengenezwa kwa fedha kidogo nje ya kampuni kubwa na idara za serikali, na kwamba makao yake ni mjini, katika nyumba za kupanga na vilabu vya usiku.

Dai hilo linapingwa hapa kwa kuitazama historia ya usimulizi kutoka mahali ambapo wahakiki wa filamu hawapazoei: Sori, soko na mwalo wa wavuvi kwenye Ghuba ya Karungu, Nyatike, katika Kaunti ya Migori. Kaskazini ya ghuba hiyo iko milima ya Gwassi, na chini yake, upande wa Kaunti ya Homa Bay, iko Nyandiwa, mahali panapohusishwa na kisakale cha Nyamgondho wa Ombare. Kabla ya katiba ya mwaka 2010 kuleta kaunti, na kabla wilaya hazijagawanywa, sehemu zote hizi zilikuwa katika wilaya moja ya South Nyanza. Mpaka wa leo ni wa kiutawala. Ufuko na masimulizi yake ni mmoja.

Hoja kuu ni kwamba ufuko huu ulikuwa na kisa kamili cha mapenzi ya wapweke kabla ya kamera kufika, na kwamba kilichotokea tangu miaka ya 1980 ni mapenzi hayo kunyang'anywa hadhi ya kisa na kugeuzwa kuwa ushahidi.

2.0 Nyamgondho na mwanamke wa ziwani

Kisakale hiki kina matoleo mengi, lakini mhimili wake haubadiliki. Nyamgondho ni mvuvi maskini, hana mke wala mali. Siku moja anavuta wavu mzito akidhani amepata samaki mkubwa. Anakuta mwanamke, ambaye baadhi ya matoleo humfanya mzee, mengine chongo. Anamchukua nyumbani. Tangu hapo mifugo inajaa bomani, naye Nyamgondho anakuwa tajiri, anaoa wake wengine na kuzama katika ulevi. Usiku mmoja anarudi amelewa, anakuta lango limefungwa, na katika hasira anamtukana mke wa kwanza kwa asili yake: kwamba aliokotwa ziwani. Kunapokucha mwanamke anaondoka, na mifugo yote inamfuata hadi majini. Nyamgondho anawakimbilia akisihi, anafika ukingoni, anaegemea fimbo yake na kubaki hapo. Wenyeji wa Nyandiwa huonyesha mti unaosemekana kuwa umetokana na fimbo hiyo, na alama miambani zinazosemekana kuwa nyayo za ng'ombe.

Kisakale hiki kimezoeleka kufundishwa kama onyo dhidi ya kiburi na pombe. Usomaji huo si wa kosa, ila unaacha mengi. Kwanza, wahusika wote wawili ni wapweke. Mwanamume hana mtu. Mwanamke hana ukoo, na matoleo mengi hayampi hata jina. Wanakutana kwa sababu kila mmoja amekosa pa kuegemea. Pili, mali ni ya mwanamke. Nyamgondho anatawala boma ambalo msingi wake si wake, na huenda ndiyo sababu ulevi wake unampeleka moja kwa moja kwenye suala la asili: anamdhalilisha mtu anayemtegemea. Tatu, kinachovunja ndoa ni neno. Wake wengine wanaletwa, pombe inanywewa, naye mwanamke anavumilia. Tusi moja linalomrudisha kwenye unyonge wa siku ya kwanza ndilo asiloweza kulimeza. Nne, Nyamgondho hauawi. Adhabu yake ni kubaki akitazama maji.

Jambo la tano linahusu mahali. Wenyeji wa Gwassi ni Abasuba, watu ambao lugha yao imeipisha kwa kiasi kikubwa lugha ya Kiluo. Kisakale cha mgeni aliyepokewa, akatajirisha nyumba, kisha akakumbushwa kuwa ni mgeni, husimuliwa kwa Kiluo katika nchi ya watu ambao historia yao yenyewe ni ya kupokeana na kubadilishana lugha. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliitazama fasihi hiyo kama tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa kigezo hicho, tusi la Nyamgondho haliwezi kuwa na uzito uleule likisimuliwa darasani Nairobi na likisimuliwa Nyandiwa, mbele ya hadhira inayojua maana ya kuulizwa umetoka wapi.

3.0 Ufuko unageuka: mbuta, omena na jaboya

Mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji, samaki wadogo wa asili kama fulu wakapungua sana, na viwanda vya minofu vikaanza kununua kwa ajili ya soko la ng'ambo. Biashara ya mbuta ikaelekea kwa wenye mitaji na malori. Wanawake wengi wa ufukweni wakabaki na omena, yaani dagaa, ambaye huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa asubuhi na kuuzwa sokoni.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa dhahiri: wanaume huingia ziwani, wanawake hungoja ukingoni. Samaki walipoadimika, fedha pekee haikutosha kumhakikishia mwanamke mzigo. Ndipo likaenea neno jaboya, linalotaja uhusiano ambamo mvuvi humpa mwanamke kipaumbele cha kununua samaki wake, naye mwanamke humpa mvuvi mwili wake, na mara nyingi pia chakula na mahali pa kulala. Wavuvi huhama mwalo hadi mwalo wakifuata samaki, mbali na nyumba zao. Wanawake wengi waliohusika walikuwa wajane au walioachika, wenye watoto wa kulea.

Ukilinganisha na kisakale, mambo yamepinduka. Nyamgondho alipewa mali na mwanamke aliyetoka majini. Katika jaboya, mwanamume ndiye atokaye majini na riziki, na mwanamke ndiye asimamaye ukingoni akingoja. Upweke wa pande zote mbili, hata hivyo, umebaki palepale, na dosari pia: ahadi zisizotimizwa, wivu, pombe, na wanaume wanaokuwa na mke mwingine kila mwalo.

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alithibitishwa mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ikautangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Kaunti za ukingo wa ziwa, zikiwamo Homa Bay na Migori, zimekuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Tangu hapo jaboya limeandikwa sana: katika ripoti za afya, tasnifu na habari za magazeti. Kazi hiyo ilihitajika na imeokoa maisha. Lakini tanzu hizo huuliza maswali yao: ni wangapi, mara ngapi, kwa hatari gani. Hazina nafasi ya kuuliza kwa nini mwanamke fulani alimngoja mvuvi fulani hata siku ambayo mwingine alikuwa na samaki wengi zaidi.

4.0 Kamera ziwani, kamera mjini

Filamu iliyolifanya ziwa hili lijulikane zaidi duniani ni Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper, filamu ya hali halisi iliyotengenezwa Mwanza. Inaunganisha sangara, ndege za mizigo, marubani wa kigeni na wanawake wanaouza miili yao, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwa picha iliyoitoa ya nchi. Mmoja wa wanawake hao anaonekana akiimba kuhusu Tanzania. Aliuawa kabla filamu haijakamilika. Nguvu ya sehemu hiyo haikanushiki. Hata hivyo, katika mpangilio wa filamu, maisha yake ni kiungo katika hoja kuhusu biashara ya dunia. Mtazamaji anaondoka akijua ni mfumo gani uliomkandamiza, lakini hajui alimpenda nani.

Wakati huohuo, filamu ya Kenya ilikuwa ikijifunza kusimulia mapenzi mbali na ziwa. Kolormask (1986) ya Sao Gamba ilihusu ndoa ya Mkenya na mke aliyetoka naye Uingereza, ndoa inayosambaratika kwa mgongano wa tamaduni. Saikati (1992) ya Anne Mungai ilimfuata msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Katika zote mbili mapenzi hubeba mjadala mkubwa zaidi: rangi na utamaduni katika ya kwanza, mila na usasa katika ya pili. Dangerous Affair (2002) ya Judy Kibinge, iliyotayarishwa na Njeri Karago, ilibadili mwelekeo. Wahusika wake ni watu wa tabaka la kati la Nairobi wanaopendana vibaya na kusalitiana kwa sababu zao wenyewe. Dosari zao si mfano wa tatizo la taifa, ni zao. Hapo filamu huru ya Kenya ilipata uhuru ambao fasihi simulizi ilikuwa nao zamani, wa kumruhusu mhusika akosee bila kuwawakilisha wote wanaofanana naye.

Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la Toronto mwaka huohuo, ilienda mbali zaidi. Kaleche anazinduka nyikani bila kumbukumbu ya maisha yake, anafika kwenye nyumba ya wageni, na Thoma anamweleza kwamba amekwisha kufa. Wakazi wa hapo wameshikiliwa na hatia walizotoka nazo duniani, na Thoma, mwenyeji wao mchangamfu, naye ana lake la kukabili. Ukaribu unaokua kati ya wawili hawa ni ukaribu wa wapweke ambao hawawezi kujuana kikamilifu bila kuumizana. Jina la filamu lina maana ya mahali pasipo upande. Hapo ndipo aliposimama Nyamgondho: nchi kavu haimfai tena, na majini hawezi kuingia. Hakuna haja ya kudai kwamba filamu imetokana na kisakale. Inatosha kuonyesha kwamba umbo ambalo tamasha la ng'ambo lililipokea kama ugunduzi lilikuwa na nduguye Nyandiwa.

5.0 Ushahidi wa riwaya

Kati ya kisakale na filamu ipo riwaya. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, inaanzia katika kisiwa hicho cha Ziwa hilihili. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamwadhibu binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana; Rosa anakua bila kujua namna ya kupenda bila woga, anaingia katika uhusiano mmoja baada ya mwingine, na hatimaye, mchumba anapomkataa kwa yaliyopita, anajiua. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kama katika kisakale, mwanamke anahukumiwa kwa alikotoka, na hukumu hiyo ndiyo inayomrudisha gizani. Kezilahabi hakumtakasa Rosa, wala hakumgeuza takwimu. Kwa hiyo usimulizi wa aina hii umewezekana ziwani kwa Kiswahili pia.

6.0 Pingamizi na hitimisho

Pingamizi la kweli linaweza kutolewa dhidi ya hoja hii. Jaboya ni unyonyaji, na kuuita mapenzi ni kuupamba. Wanawake wa baadhi ya fukwe wenyewe wameupinga, na mwaloni Nduru, katika miaka ya 2010, kikundi cha wanawake kilipata mashua ili wasitegemee tena hisani ya wavuvi. Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa nadharia. Mtu anayelazimika kuutoa mwili wake ili apate kapu la omena hana hiari kamili.

Lakini kisakale chenyewe kinaonyesha kwamba mambo mawili yanaweza kushikwa kwa pamoja. Kinamhukumu Nyamgondho bila kusita, na hakisemi kwamba mwanamke hakumpenda. Kinajua kwamba ndoa ile ilianza katika uhitaji, kwamba mali iliingia ndani yake tangu siku ya kwanza, na bado kinaiomboleza. Uwezo huo wa kulaumu bila kumnyima mtu utu wake ndio unaozitofautisha Dangerous Affair na Kati Kati na filamu za ushahidi. Filamu hizo mbili, hata hivyo, ziliutumia kwa watu wa mjini na kwa wafu. Watu wa Sori, walio hai na wanaoamka alfajiri kupokea mashua, hawakuwamo.

Kazi inayobakia kwa wahakiki na watunzi wa Kiswahili ni kurudi kwenye mwalo huo wakiwa na maswali ya kisakale mkononi pamoja na yale ya ripoti. Mwanamke anayesimama ukingoni kabla ya mapambazuko ameshahesabiwa mara nyingi. Bado hajaulizwa ni mashua ipi anayoitazama, na anaogopa kusikia neno gani kutoka kwa mtu aliyemo.