Cynthia Rosenzweig

Cynthia Rosenzweig ni mwanasayansi wa Marekani, mtaalamu wa kilimo na tabianchi katika Taasisi ya Goddard ya Masomo ya Anga, kituo cha NASA kilichopo mjini New York. Anajulikana hasa kama mmoja wa watafiti wa kwanza waliotumia modeli za mazao, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa ukuaji wa mmea siku kwa siku, ili kukadiria jinsi mabadiliko ya tabianchi yatakavyoathiri chakula cha dunia. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Maisha

Kabla ya kuwa mwanasayansi Rosenzweig alikuwa mkulima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Toscana, nchini Italia, pamoja na mwenzake ambaye baadaye alikuwa mume wake. Huko walilima zabibu na zeituni na kufuga mbuzi, nguruwe na kuku. Kazi hiyo ndiyo iliyompa hamu ya kusomea kilimo. Aliporudi Marekani alisoma katika Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1991.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa bado mwanafunzi, alianza kazi katika Taasisi ya Goddard. Wanafizikia wa taasisi hiyo walikuwa tayari na modeli za angahewa zilizoonyesha kwamba dunia itapata joto zaidi hewa ukaa (dioksidi kabonia) ikiongezeka. Swali lililobaki lilikuwa la mkulima: shamba litakuwaje? Mwaka 1985 Rosenzweig alichapisha makala kuhusu hatima ya maeneo yanayolima ngano Amerika ya Kaskazini, mojawapo ya kazi za mwanzo kabisa za aina hiyo.

Modeli ya mazao inavyofanya kazi

Modeli ya mazao hupewa taarifa za aina nne: hali ya hewa ya kila siku (joto la juu na la chini, mvua, miale ya jua), udongo (kina chake na uwezo wake wa kushika maji na rutuba), aina ya mbegu, na kazi ya mkulima kama vile tarehe ya kupanda, nafasi kati ya mimea, mbolea na umwagiliaji. Kwa kila siku ya msimu programu hukokotoa mmea umeongeza majani kiasi gani, mizizi imefika wapi, maji gani yamebaki ardhini, na mwishowe nafaka imejaa kiasi gani.

Msomaji anaweza kuonja hesabu hiyo bila kompyuta. Mahindi huanza kukua joto likizidi takriban nyuzi 8 za sentigredi. Siku yenye wastani wa nyuzi 23 huupa mmea vizio 15 vya joto. Tuseme mbegu fulani inahitaji vizio 1,500 hadi kukomaa: itachukua siku 100. Wastani ukipanda kuwa nyuzi 25, kila siku hutoa vizio 17, na mbegu ileile hukomaa kwa siku 88 hivi. Wengi hudhani kukomaa mapema ni faida. Ni faida kwa mkulima anayekimbizana na mvua zinazokatika, lakini mmea umepoteza siku 12 za kukusanya mwanga wa jua, na siku za kujaza punje nazo zimepungua. Gunzi hutoka dogo hata pale ambapo mvua haikukosekana.

Hewa ukaa yenyewe huvuta upande mwingine, kwa kuwa mmea huitumia katika usanisinuru. Ngano, mpunga, soya na maharage hunufaika inapoongezeka. Mahindi, mtama, uwele na miwa zina njia tofauti ya kuinasa hewa hiyo na tayari zinaitumia karibu kikamilifu, kwa hiyo nyongeza huzisaidia kidogo tu, hasa kwa kupunguza maji yanayopotea kupitia majani. Ni jambo zito kwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, ambako mlo wa watu wengi ni ugali.

Utafiti wa mwaka 1994

Kazi iliyompa Rosenzweig jina ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1994 pamoja na Mwingereza Martin Parry. Wanasayansi wa kilimo kutoka nchi 18 walitumia modeli za ngano, mpunga, mahindi na soya katika vituo 112, na matokeo yao yakaunganishwa na modeli ya biashara ya chakula duniani. Makadirio matatu tofauti ya tabianchi yalijaribiwa, yote yakichukulia kwamba hewa ukaa imeongezeka maradufu.

Jumla ya nafaka za dunia ilionekana kupungua kidogo tu. Mtu aliyeishia kwenye jumla hiyo angelala usingizi. Lakini mgawanyo wake ulikuwa habari nyingine: nchi tajiri za kaskazini zingeweza hata kuvuna zaidi, huku nchi zinazoendelea, nyingi zikiwa karibu na ikweta, zikipata hasara. Sababu ni kwamba katika nchi za joto mazao mengi tayari yako karibu na mwisho wa uvumilivu wao, wakati katika nchi za baridi joto kidogo hurefusha msimu wa kulima. Watafiti walijaribu pia hatua za wakulima kujihami, kama kubadili tarehe za kupanda, mbegu na umwagiliaji. Pengo kati ya nchi tajiri na maskini halikuzibika kwa hatua hizo. Hoja hii, kwamba madhara yatawafika zaidi wale waliochangia kidogo kuyaleta, imebaki katikati ya mijadala ya tabianchi hadi leo.

Kulinganisha modeli

Ugumu uliojitokeza baadaye ni kwamba modeli zilikuwa nyingi na hazikukubaliana. Mwaka 2010 Rosenzweig, pamoja na James Jones, Jerry Hatfield na John Antle, alianzisha mradi wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi kama AgMIP, ambamo vikundi vya watafiti huendesha modeli zao kwa taarifa zilezile na kulinganisha majibu. Katika jaribio la ngano lililochapishwa mwaka 2013, modeli 27 zilipimwa dhidi ya mavuno halisi ya Uholanzi, Argentina, India na Australia. Jibu la katikati la kundi zima lilikuwa la kuaminika kuliko la modeli moja moja.

AgMIP ilifanya kazi pia Afrika na Asia ya Kusini kwa fedha za Uingereza, na timu ya Afrika ya Mashariki iliwashirikisha watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia. Huko Embu, Kenya, mashamba ya mahindi yalichunguzwa kwa modeli mbili, DSSAT na APSIM.

Makadirio mapya ya kundi hilo, yaliyotolewa mwaka 2021, yalionyesha kwamba gesi joto zikiendelea kutolewa kwa wingi, mavuno ya mahindi duniani yanaweza kushuka kwa takriban asilimia 24 kufikia mwisho wa karne, na ya ngano kupanda kwa takriban asilimia 17. Tarakimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Modeli nyingi hazihesabu wadudu, magonjwa wala magugu, na faida ya hewa ukaa hupungua pale ambapo udongo hauna naitrojeni ya kutosha, kama ilivyo katika mashamba mengi madogo ya Afrika. Isitoshe, nafaka iliyokua katika hewa ukaa nyingi huwa na protini na zinki pungufu, hata kama gunia limejaa.

Kazi nyingine

Tangu mwaka 2008 Rosenzweig aliongoza, pamoja na William Solecki, jopo la wanasayansi wanaoishauri serikali ya jiji la New York kuhusu tabianchi. Ameshiriki mara kadhaa katika ripoti za Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC). Katika ripoti ya mwaka 2019 kuhusu ardhi, yeye na Cheikh Mbow wa Senegal waliratibu sura ya usalama wa chakula, iliyokadiria kwamba mfumo mzima wa chakula, kuanzia shambani hadi mezani, huchangia asilimia 21 hadi 37 ya gesi joto zinazotokana na binadamu. Pamoja na Daniel Hillel, mtaalamu wa udongo, aliandika kitabu Climate Change and the Global Harvest (1998).