Mama wa Kilungu: jembe lililookoa milima ya Nunguni

Ukipanda milima ya Kilungu hadi Nunguni, kaunti ya Makueni, unaona matuta yamepangwa ngazi kwa ngazi kutoka bondeni hadi karibu na kilele. Masimulizi ya serikali huwataja maofisa wa kilimo na machifu. Lakini wengi walioyachimba walikuwa akina mama, wengine na mtoto mgongoni na kundi zima la wadogo nyumbani.

Kufikia miaka ya 1930, ardhi ya Ukambani ilikuwa taabani. Wakoloni walikuwa wamechukua sehemu za malisho, watu na mifugo wakabanana kwenye hifadhi walizotengewa Waafrika, ukame ukaongezea, na kila mvua ikaondoka na udongo. Serikali iliona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikalegeza kamba. Hata hivyo, matuta ambayo serikali iliwalazimisha watu kuyachimba yaliendelea kuchukiwa.

Mambo yalibadilika miaka ya 1950, kazi hiyo ilipowekwa mikononi mwa mwethya, desturi ya kale ya majirani kusaidiana. Wanaume wengi walikuwa Nairobi, kwenye reli au jeshini, kwa hiyo vikundi vikawa vya wanawake na viongozi wakachaguliwa miongoni mwao. Leo wanachimba kwa huyu, kesho kwa yule. Katika mtindo wa fanya juu, mtaro huchimbwa na udongo hurushwa upande wa juu wa mteremko. Misimu ikipita, shamba hujisawazisha lenyewe na maji ya mvua hubaki.

Jembe halikumwondolea mama kazi nyingine. Alichota maji kijitoni, akabeba kuni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, akatwanga mahindi ya muthokoi, na usiku akasuka kiondo. Alijifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga. Binti mkubwa alikuwa mlezi wa wadogo kabla hajamaliza utoto wake. Hata mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Watoto walikuwa nguvu kazi na tegemeo la uzeeni, na mama alizaa akijua kwamba huenda si wote watakua.

Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, kahawa ilienea vilimani, ikaleta pesa za karo. Mama alipalilia na kuchuma, ingawa mara nyingi malipo yalitoka kwa jina la mume. Baada ya uhuru, vikundi vilevile vilibeba mawe, mchanga na maji ya kujengea shule za Harambee.

Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka huku mmomonyoko ukipungua.

Ushindi huo ni wa akina mama hao, na wengi wao wametutoka bila majina yao kuandikwa popote. Kama nyanya yako bado yuko hai Nunguni, Mbooni au Kilome, keti naye wiki hii, muulize alichimba matuta na nani, kisha uyaandike majina hayo.