Mgagani wa Mahame

Mvua za kwanza zinyeshapo hapa Ilula, mgagani huwahi kuota kabla ya tulichokipanda. Mkulima wa nyanya huung'oa kama gugu. Mama yangu aliufuata na kikapu.

Wataalamu wa mimea wanasema mgagani ni jamaa wa karibu wa kabichi, na ule ukali unaopanda puani unapouchuma ni wa ukoo wa haradali. Linnaeus wa Sweden aliupa jina la kitaalamu mwaka 1753. Wazee wetu walijua jambo jingine bila vitabu: mgagani hupenda ardhi yenye mbolea, palipokuwa zizi, jalala au ua. Ukiukuta umesongamana porini, yamkini hapo waliishi watu.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulihamishwa kuja kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Njaa ya miaka ile ikatukuta ugenini, tukila ugali wa unga wa njano bila mboga. Siku moja mama alirudi kwa miguu kwenye mahame yetu. Alikuta paa limeanguka na mgagani umejaa mpaka mlangoni. Aliuchuma, akauchemsha, akamwaga maji machungu, akauunga kwa karanga.

Baba hakuugusa. "Nitakulaje nyumba yangu?" alisema. Siku ya tatu alikula.

Upande wa Iringa, pale Lugalo, lipo jiwe la kumbukumbu la Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa na jeshi la Mkwawa Agosti 17, 1891. Si vibaya vita vikumbukwe. Lakini nyumba zilizohamwa mwaka 1974 hazikuwekewa jiwe. Mtu akitaka kujua zilisimama wapi, na awaulize wazee, au asubiri mvua aangalie mgagani unaota wapi.

Nao sasa unang'olewa. Msimu uliopita nilipita kwenye mahame yetu, ambayo leo ni shamba la nyanya la mtu mwingine. Vibarua walikuwa wakipalilia, na mgagani umerundikwa kwenye tuta, unanyauka. Niliomba fungu moja.

"Babu, umeishiwa nyanya?" kijana mmoja aliniuliza, wenzake wakacheka. Nami nikacheka.

Sikumwambia kwamba alikuwa amesimama uani kwetu.