Gambiti: kitunda kinapotolewa chambo

Mar del Plata, Argentina, 1960. Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti anacheza sataranji kwa kete nyeupe dhidi ya Mmarekani wa miaka 17, Bobby Fischer. Spassky anaanza na kitunda (kete ndogo kabisa) cha mbele ya mfalme, akikipeleka mraba wa e4. Fischer anajibu e5. Papo hapo Spassky anasukuma kitunda kingine hadi f4, mahali ambapo hakina mlinzi. Fischer anakila.

Huo ndio ufunguzi uitwao Gambiti ya Mfalme.

Katika sataranji, gambiti ni ufunguzi ambao mchezaji huachia kete, aghalabu kitunda, ili apate faida isiyohesabika kwa idadi ya kete: kutawala katikati ya ubao, kufungulia njia kete kubwa, au kumtangulia mpinzani hatua moja mbili. Asili ya neno hilo ni Kiitaliano, gambetto, kutokana na gamba, yaani mguu. Ni lugha ya mieleka: kumkata mtu mtama. Padri Mhispania Ruy López aliliingiza katika kitabu chake cha sataranji cha 1561.

Kwa Kiswahili, neno linalojileta lenyewe ni kafara. Lakini kafara ya kete hutolewa wakati wowote, hata mchezo ukielekea ukingoni. Gambiti ni ya mwanzoni tu. Mtama nao ungefuata asili barabara, ila anayekatwa mtama haulizwi, ilhali anayewekewa gambiti ana hiari ya kuikataa. Chambo ndilo linaloeleza vizuri zaidi, kwa kuwa samaki naye anaweza kupita zake. Basi jina libaki gambiti, na maelezo yake yawe chambo.

Hata hivyo, si kila gambiti ina hasara. Katika Gambiti ya Malkia, iliyovuma hata kwa wasiojua sataranji baada ya tamthilia ya Netflix ya 2020, mweupe hutoa kitunda cha c4, na kwa kawaida hukirudisha bila taabu.

Turudi Mar del Plata: Fischer, aliyekila chambo, hakuwa na bahati. Alitangulia kwa vitunda, lakini ukuta wa mfalme wake ulibomoka, akasalimu amri katika hatua ya 29. Mwaka uliofuata aliandika makala kudai kwamba Gambiti ya Mfalme imekwisha, dawa yake ikiwa ni kitunda cha d6 katika hatua ya tatu. Mwaka 1963, katika ubingwa wa Marekani, aliicheza gambiti hiyo mwenyewe dhidi ya Larry Evans, akashinda.