Tanga na Maandishi Yake: Mji wa Pwani Unavyosomwa Kutoka Bara

Mji wa Tanga ni mkongwe kuliko karatasi zake. Kusini yake, huko Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yalikwisha kuwepo karne nyingi kabla ya Mjerumani kutia nanga. Lakini mtu atakaye kuijua historia ya mji huo kwa njia ya maandishi hukutana upesi na tatizo moja: sehemu kubwa ya karatasi zilizobaki iliandikwa na watawala, nao waliandika yaliyowahusu, yaani kodi, mashamba, forodha na reli.

Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyosalimika yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kusalimika kwake si jambo dogo, kwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mengine yalifukiwa ardhini huko Tabora, yakafukuliwa baada ya vita. Pale Tanga penyewe, Boma la zamani limekarabatiwa na kuwa makumbusho yaitwayo Urithi, nayo yana picha nyingi za mji wa kale. Kwa mwanga wa kumbukumbu za namna hiyo twaweza kuifuata reli hatua kwa hatua: ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, na Korogwe mwaka 1902. Mhandisi aliyepima njia ana jina. Aliyebeba mataruma begani hana. Yeye ni tarakimu katika hesabu ya mishahara.

Ndiyo maana maandishi ya wenyeji yana thamani ya pekee. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani, alikuwa karani wa Semboja huko Mazinde, si mbali na Korogwe, na baadaye akawa liwali wa Tanga. Yeye ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho Wamisheni wa UMCA wa Magila walikichapa kwa mafungu, la kwanza likitoka mwaka 1895. Inafaa kutafakari jambo hili: msomi wa pwani alipoketi kuandika historia, hakuandika habari za bandari, bali za milima ya Usambara na wafalme wake. Kwake yeye pwani na bara vilikuwa habari moja. Waliovitenganisha ni watunza majalada wa baadaye.

Ushahidi wa pili ni gazeti la Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi wakati wa vita. Waalimu na makarani wa Kiafrika walilipelekea barua kutoka pande nyingi za nchi. Lilikuwa gazeti la serikali, na msomaji asitazamie kuona humo akida akilaumiwa waziwazi. Hata hivyo, ukurasa mmoja wa barua hizo hutufundisha juu ya watu wa wakati ule kuliko daftari zima la kodi.

Kanisa nalo lina sehemu yake, kwa heri na kwa aibu. Misheni iliyokuja kujulikana kwa jina la Bethel ilianza kazi Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata Johanssen na Wohlrab walipanda kwenda Mlalo. Taarifa zao zilipelekwa Ujerumani, na leo nyaraka za Bethel zimo Wuppertal. Mtoto wa Korogwe atafutaye habari za babu yake aweza kulazimika kuzitafuta kwa Kijerumani, ng'ambo ya bahari. Tena taarifa hizo zina pengo. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walihamishwa nchini, wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Na katika vita vya pili kazi yao ikakatizwa tena. Katika nyakati hizo sharika hazikufa, kwa kuwa waalimu, wainjilisti na wazee walizishika. Hao ndio walio na uhaba wa maandishi.

Pengo hilo huzibwa, pale linapoweza kuzibwa, na vitabu vya sharika: ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kitabu cha ubatizo humtaja mtu kwa jina lake, wazazi wake na wadhamini wake. Reli na mashamba ya mkonge viliwahamisha watu huku na huko. Basi mtu aliyepotea katika karatasi za Tanga huenda ameandikwa Muheza, Korogwe au Kwamndolwa. Si bure kwamba kabla ya umoja wa mwaka 1963 Kanisa letu la upande huu liliitwa la Usambara-Digo, mlima na pwani katika jina moja.

Adui wa vitabu hivyo hasafiri mbali. Mchwa, unyevu, na paa livujalo vimemaliza mengi ambayo vita haikuyagusa. Vitabu visiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Kila ukurasa upigwe picha, na nakala ikae mahali pengine, kwa mfano ofisi ya dayosisi. Nazo picha za zamani zilizomo majumbani ziandikwe nyuma kwa penseli majina ya waliomo, wangali hai wazee wanaozitambua zile sura.